Mwezi Mmoja Kabla ya Mvua

Kila mwaka, Oktoba inapoelekea ukingoni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri wa mvua za Msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja tu kwa mwaka. Dodoma imo. Mvua zenyewe huko huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na zikigoma huvuka hata Krismasi. Kati ya kutoka kwa utabiri na siku ya kufukia mbegu pana kama mwezi mmoja, na ni katika mwezi huo mkulima anaamua mambo ya mwaka mzima: apande mahindi au mtama, uwele aupe shamba lipi, akope au asikope, auze mbuzi anunue mbegu au angoje kwanza.

Tunapodai elimu ya mabadiliko ya tabianchi iingie kwenye huduma za ugani, mimi naona tunadai jambo moja linalopimika: nani anamfikia mkulima ndani ya mwezi huo, ana nini mkononi, na kwa fedha za nani. Mikakati, miongozo na semina vina maana pale tu vinapolisaidia jambo hilo. Wapo wasiokubaliana nami, na hoja zao ni nzito, kwa hiyo nimezipa nafasi hapa kwa sauti tano. Sauti hizi nimezitunga, si za watu fulani. Lakini vyeo hivyo viko katika kila wilaya, na ubishi wenyewe ni wa kweli.

BIBI SHAMBA: Nianze mimi, maana lawama huishia kwangu. Kata yangu ina vijiji vinne. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000, na maafisa ugani wa kilimo hatutoshi hata mmoja kwa kila kijiji, basi siwezi kusema nimeonewa kuliko wenzangu. Aprili 2022 Rais Samia alizindua hapa Dodoma ugawaji wa pikipiki kwa maafisa ugani. Ni msaada mkubwa, maana zamani tulikuwa tunasubiri lifti ya gari la mnada. Ila pikipiki inakunywa mafuta, na mafuta hutegemea fedha za matumizi mengineyo, ambazo mara nyingi huja msimu ukiwa umekwisha anza. Utabiri naupata kwenye simu, kwenye kundi letu la idara. Nasoma: mvua za wastani hadi chini ya wastani. Mama huyu hapa akiniuliza apande nini, nimwambie nini?

MKULIMA: Usijilaumu, mwanangu. Mimi niseme langu. Mnakuja kutufundisha kwamba mvua zimebadilika. Hilo sisi ndio tungewafundisha ninyi. Naona mvua inavyokuja kwa kishindo siku tatu, halafu inakatika Februari mtama ukiwa unataka kuchanua. Nimelima miaka hiyo yote, nani ataniambia kuwa kuna mabadiliko? Nachotaka ni mtu tukae tupange naye. Mwaka mmoja tuliletewa mbegu ya Macia, mtama mfupi mweupe unaokomaa mapema. Ni mbegu nzuri, sikatai. Lakini ukiivisha mapema peke yako, kweleakwelea wa eneo zima wanahamia kwako. Anayetakiwa kuamia ndege kutwa ni nani, ikiwa watoto wako shuleni na mimi nina kuni na maji? Jambo hilo halikuwamo kwenye somo.

Hapa nitoe neno. Hoja ya mama huyu hupuuzwa kirahisi, eti ni malalamiko ya pembeni. Mimi naiona ndiyo kiini. Mbegu inayokomaa mapema ni jibu sahihi kwa mvua inayokatika mapema, na watafiti wetu wa TARI Hombolo wamefanya kazi ya miaka mingi kwenye mtama na uwele. Lakini jibu hilo linafanya kazi kijiji kizima kikipanda pamoja, ili ndege wagawanyike na zamu ya kuamia igawanywe. Uamuzi wa namna hiyo hautoki kwenye ujumbe wa simu. Unataka mkutano, na mkutano unataka mtu wa kuuitisha kwa wakati.

MTABIRI: Naomba nijibu, maana utabiri umetajwa kama hauna msaada. Hatuwezi kusema mvua itanyesha tarehe fulani miezi miwili mbele, na anayewaahidi hivyo anawadanganya. Tunachotoa ni uwezekano. Siku hizi tunashuka hadi ngazi ya wilaya. Tatizo ni kwamba uwezekano haufundishiki kwa tangazo la redio la dakika mbili. Kule Kiteto na Longido, kuanzia miaka ya 2010, maafisa ugani walifundishwa njia iliyobuniwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Reading cha Uingereza. Unamwekea mkulima mbele yake kumbukumbu za mvua za kituo cha jirani, mwaka baada ya mwaka, na anahesabu mwenyewe.

BIBI SHAMBA: Anahesabuje mtu asiyejua kusoma chati?

MTABIRI: Dada, chati ni nguzo tu zilizosimama kwenye karatasi, kila nguzo mwaka mmoja. Tuseme uwele wako unataka milimita 400. Unachora mstari wa 400 kwenye karatasi. Nguzo zinazovuka mstari ni miaka ambayo ungevuna, zisizofika ni miaka ya njaa. Tuseme kumbukumbu ni za miaka 30 na nguzo 24 zimevuka. Halafu mnachora mstari wa mahindi, ulio juu zaidi, mnakuta zimevuka 11. Hakuna aliyemwambia mama aache mahindi. Ameziona nguzo, na anazikumbuka baadhi: huu ndio mwaka tulipouza ng'ombe. Ndipo unamletea utabiri wa mwaka huu, na hapo anajua aupime na nini.

MKULIMA: Hilo ningelikaa nikalisikiliza.

MTABIRI: Tena ikiwezekana kila kijiji kiwe na kipima mvua chake. Ni chombo rahisi. Anachaguliwa mtu mmoja mwaminifu, kila siku saa tatu asubuhi anasoma na kuandika kwenye daftari. Mvua ya hapa siyo ya kijiji cha ng'ambo ya mto.

MKUFUNZI: Mimi nakubaliana na mengi, lakini mnakwenda mbio mno kwenye mikutano. Mwandishi anadai mwezi mmoja na mafuta ya pikipiki. Nauliza: anayepanda hiyo pikipiki anajua nini? Nimefundisha vyuo vya kilimo muda mrefu. Wengi walioko kwenye kata walihitimu stashahada wakati ambapo tabianchi ilikuwa mada ndogo mwishoni mwa somo la hifadhi ya udongo, kama ilikuwapo. Walifundishwa kalenda moja ya kilimo: palilia lini, weka mbolea lini. Walipewa kiwango kimoja cha mbolea kana kwamba mvua ni ile ile. Ukimpa mtu huyo fedha za kuzunguka vijiji, atasambaza makosa kwa kasi zaidi. Viwavijeshi vamizi walipoingia nchini 2017 tuliliona hili. Wakulima walishauriwa dawa kila mtu ya kwake, mpaka mwongozo ulipopatikana na kufundishwa.

BIBI SHAMBA: Mwalimu, maneno yako ni makali ila yana ukweli. Nimehudhuria semina za tabianchi. Tunafundishwa gesi joto, kuyeyuka kwa barafu ya Kilimanjaro, mikataba ya kimataifa. Siku ya pili tunapewa cheti na begi. Hakuna hata mara moja tuliyofundishwa kuketi na mkulima tukapanga shamba lake kwa utabiri wa mwaka ule. Mradi ukiisha, hata yule aliyetufundisha hatujui alikoelekea.

MKUFUNZI: Basi tunasema kitu kimoja. Mafunzo kazini yawe ya kila mwaka, yawe na mtihani wa shambani, na yahesabiwe kwenye kupanda daraja. Vyuo vya kilimo viko Ilonga, Uyole, Ukiriguru, Tumbi, Mlingano. Vimetawanyika nchi nzima. Chuo kikuu cha SUA kiko Morogoro. Miundombinu ipo. Ila afisa ugani hatumwi na chuo, wala na wizara.

MCHUMI: Anatumwa na halmashauri, na hapo naona macho yamenigeukia. Nieleze jinsi mambo yalivyo, maana wengi mnailaumu halmashauri bila kujua. Tangu mageuzi ya serikali za mitaa ya mwishoni mwa miaka ya 1990, afisa ugani ni mtumishi wa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Sera ya kilimo iko Wizara ya Kilimo. Masuala ya tabianchi yako Ofisi ya Makamu wa Rais. Utabiri uko TMA, ambayo ni taasisi ya Wizara ya Uchukuzi. Kila mmoja anaandika mpango wake mzuri, na mipango yote inashuka kwenye meza yangu bila fedha. Mimi nina mapato ya ndani. Diwani anataka darasa limaliziwe, zahanati ipauliwe. Darasa linaonekana, linazinduliwa. Mkutano wa kusoma utabiri utazinduliwaje?

MKUFUNZI: Lakini ndugu Mchumi, Afrika nzima iliahidi Maputo mwaka 2003 kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo.

MCHUMI: Iliahidi. Na bajeti ya Wizara ya Kilimo imepanda sana tangu 2022, hilo sina budi kulisema. Umwagiliaji umepata, ruzuku ya mbolea imepata. Ninachosema ni kwamba fedha ya bwawa ina kasma yake na mkandarasi wake. Fedha ya mtu kwenda kijijini kuzungumza na watu, siku ile inayotakiwa, haina mwenyewe.

Maelezo ya Mchumi nayapokea, ila hitimisho lake silikubali. Anazungumza kana kwamba elimu ya watu wazima haijawahi kubebwa na taasisi katika nchi hii, wakati imebebwa, tena kwa ukubwa ambao leo tunauona kama ndoto. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Vipindi vilirushwa redioni kwa siku na saa zilizojulikana. Vijitabu vilichapwa vikafika vijijini. Viongozi wa vikundi, makumi ya maelfu, walifundishwa kabla ya kipindi cha kwanza. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa kwenye vikundi wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Miaka miwili baadaye ikafuata Chakula ni Uhai, na hiyo iligusa kilimo na lishe moja kwa moja. Nchi ilikuwa maskini kuliko ilivyo leo. Haikuwa na simu za mkononi wala pikipiki kila kata.

Kilichofanya Mtu ni Afya iwezekane ni kwamba redio, kijitabu, kiongozi wa kikundi na tarehe vilipangwa na mkono mmoja. Redio haikungoja kijitabu. Leo utabiri una mwenyewe, mtaala una mwenyewe, pikipiki ina mwenyewe, na mkulima anavipokea, kama anavipokea, kimoja kimoja na kwa miezi tofauti. Hiyo ndiyo kasoro ya kitaasisi ninayoizungumzia.

MKULIMA: Mwandishi, na mimi nikukatishe kidogo. Usizisifu sana zama za kupangiwa. Sisi wa mkoa huu tunaujua mradi wa HADO. Mwaka 1973 ulikuja kuhifadhi ardhi, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa Kondoa, ng'ombe na mbuzi, kwa amri. Majani yaliota, ni kweli. Lakini ng'ombe alikuwa maziwa, alikuwa mahari, alikuwa akiba ya mwaka wa njaa. Aliyenyang'anywa akiba yake aliulizwa?

Sina jibu la kumtuliza, wala sipaswi kuwa nalo. Historia ya ugani nchini ina upande huo pia. Mwaka 1955 Waluguru waliandamana kupinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba na serikali ya kikoloni. Polisi walifyatua risasi kule Matombo, mtu akafa, na mpango ukaachwa. Udongo wa Uluguru ulikuwa unamomonyoka kweli, na wataalamu wa kikoloni hawakukosea katika hilo. Walikosea kuhusu watu. Ndiyo maana nikisema mkono mmoja sina maana ya mkono wa amri. Shamba darasa, lililoanzia Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga na baadaye likaenea kwetu, lina wazo bora zaidi: wakulima wanalima kipande kimoja pamoja, nusu kwa mazoea na nusu kwa njia mpya, wanakagua kila wiki, wanabishana, wanaamua wenyewe. Afisa ugani yupo kuuliza maswali.

BIBI SHAMBA: Na hapa Dodoma tuna mfano ambao haukutoka nje. Mashimo ya Chololo. Kijiji cha Chololo kipo, mtu anaweza kwenda kuona. Shimo lina upana wa sentimita kama 22 na kina kama 30. Unayapanga kwa mstari, shimo hadi shimo sentimita 60, mstari hadi mstari 90. Udongo unaotoka unauzungushia mdomo wa shimo uwe kingo ndogo. Ndani unatia majivu kwanza, kwa ajili ya mchwa, kisha samadi na mabua yaliyobaki, unafunika kidogo bila kujaza, ili maji yapate pa kukaa. Mbegu moja au mbili kila shimo. Mvua ikija kwa kishindo siku tatu halafu ikakata, kama anavyosema mama, maji yale hayaendi korongoni. Yanakaa chini ya mmea.

MKULIMA: Kazi yake?

BIBI SHAMBA: Kazi yake ni nzito, sikufichi. Mwaka wa kwanza hasa. Wengi wetu tumezoea kuberega, kukwangua majani juu juu na kupanda, kwa sababu ni haraka na mvua ikishuka kila mtu anakimbizana nayo. Ndiyo maana mashimo yachimbwe wakati wa kiangazi, Septemba na Oktoba. Ukija kunifundisha Desemba, umechelewa.

MKULIMA: Hapo sasa! Hata semina yenyewe huja Machi.

MCHUMI: Semina huja Machi kwa sababu fedha huja Februari.

MTABIRI: Basi Mchumi, tatizo umelitaja mwenyewe. Kinachokosekana si fedha nyingi. Ni fedha chache zenye tarehe.

Nakubaliana na Mtabiri, na nataka kukaa hapa kidogo. Tuhesabu gharama za kata moja kwa mwezi ule mmoja. Mafuta ya pikipiki kwa mizunguko michache kila kijiji. Karatasi kubwa za chati na kalamu. Kipima mvua na daftari kwa kila kijiji, kitu cha kununua mara moja. Siku mbili za afisa ugani makao makuu ya wilaya, akipitishwa kwenye utabiri na mtu wa hali ya hewa pamoja na mkufunzi wa chuo cha karibu. Hakuna jengo wala mkandarasi. Ukiweka gharama hiyo kando ya darasa moja, haifikii. Lakini inabidi ije Oktoba, na ije kila Oktoba, hata mwaka ambao hakuna mfadhili.

Jirani zetu wamejaribu njia ya kuifunga fedha kwa sheria. Kenya ilihamishia kilimo kwenye kaunti mwaka 2013, na matatizo yao yanafanana na yetu kupita kiasi. Ila kaunti ya Makueni ilitunga kanuni za mfuko wa tabianchi mwaka 2015, ikajifunga kutenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo, huku kamati za wadi zikipewa sauti ya kuchagua miradi. Asilimia moja inaonekana ndogo. Thamani yake ni kwamba haingoji huruma ya mtu kila mwaka.

MCHUMI: Na kwetu maelekezo ya kurudisha sehemu ya ushuru wa mazao kwenye kilimo yapo. Nisijifanye siyajui.

BIBI SHAMBA: Mbona hayafiki kwenye kata?

MCHUMI: Kwa sababu yakifika kwenye kamati ya fedha hakuna anayeyatetea. Mkuu wa idara anaandika "kuimarisha huduma za ugani", mstari mmoja. Kamati inauliza utaimarisha nini, anajibu kwa jumla jumla, wanaukata. Nileteeni kitu chenye umbo: mikutano ya utabiri, vijiji kadhaa, kati ya wiki ya kwanza ya Novemba na ya tatu, gharama hizi hapa. Hicho nitakitetea.

MKUFUNZI: Na mafunzo ya siku mbili yawemo kwenye andiko hilo hilo, la sivyo sitalikubali. Afisa asiyeweza kuchora mistari ile miwili mbele ya wakulima asipewe mafuta.

BIBI SHAMBA: Mwalimu, na asiyeletewa mkufunzi naye asilaumiwe.

MKUFUNZI: Sawa. Andika hivyo.

MKULIMA: Mimi nauliza lini. Maana mnakubaliana vizuri, lakini Oktoba ya mwaka huu imekwisha pita.

MCHUMI: Mama, mwaka wa fedha unaanza Julai mosi. Maandalizi ya bajeti ya mwakani yanaanza miezi hii hii, Novemba, wakati ninyi mnangoja mvua. Vijiji vinaleta vipaumbele, kata inaunganisha, sisi tunakusanya. Kisichoandikwa sasa hakitakuwa na fedha Oktoba ijayo. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji chenu ndio pa kuanzia, na jambo hili liwe kwenye muhtasari kwa maneno yake.

MKULIMA: Na kuamia ndege kuandikwe humo humo. Wanaopanda Macia wapande wiki moja, na zamu zipangwe siku ile ile ya utabiri, Bibi Shamba akiwapo. Nami nitasimama kuisema, maana wanaume wataleta habari ya barabara.

BIBI SHAMBA: Nitakuja na chati. Hata kama mafuta ni ya mfukoni mwangu mwaka huu, mwakani sitakubali.